Angelipwa nani? Fidia ya korona na daftari la mkulima wa Meru

Tarehe 26 Mei 2020 serikali ya Marekani ilianza kupokea maombi ya wakulima waliopata hasara kwa sababu ya korona. Mpango wenyewe ulikuwa umetangazwa tarehe 17 Aprili, ukiwa na dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua mboga, maziwa na nyama ili zigawiwe kwa familia zenye uhitaji. Mkulima alijaza fomu katika ofisi ya kilimo ya kaunti yake, akaeleza alikuwa na ng'ombe wangapi au shehena kiasi gani iliyokosa mnunuzi, na fedha zikaingia kwenye akaunti yake ya benki. Kwanza alipewa asilimia 80 ya stahili yake. Asilimia 20 iliyosalia ilifuata baadaye, ilipoonekana kwamba fungu lingetosha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga katika Halmashauri ya Meru, upande wa Usa River, na nimezisoma habari za malipo hayo kwa muda mrefu. Sitakana kwamba kuna wivu kidogo. Lakini kinachonirudisha kwenye habari hizo kila mara ni swali ambalo sijalisikia likiulizwa huku kwetu. Tuseme mwezi Machi 2020 Hazina yetu ingekuwa na fedha za namna ile, na waziri akaagiza kwamba kila mkulima wa mboga aliyepoteza soko alipwe kabla masika hayajaisha. Angelipwa nani? Angepimwa kwa ekari, kwa kilo, au kwa mauzo? Nani angesimama mbele ya mkaguzi na kusema kwamba huyu alipanda kweli na yule hakupanda? Kwa jinsi ninavyolijua daftari la kikundi chetu na ofisi za vijiji vyetu, naamini sehemu kubwa ya fedha hizo ingekwama njiani au ingeangukia mikono isiyohusika, hata kama kila mtumishi angekuwa mwaminifu.

Nianze na hasara yenyewe, kwa sababu watu wengi wa mjini hawakuiona. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa hapa Arusha. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Wakulima wa mkataba walikuwa wameshaanza kuuonja ugonjwa huo kabla haujatufikia, kwa kuwa walaji wao wako Ulaya. Maharage machanga, njegere za maganda na mahindi machanga yanayolimwa Meru na Hai hupakiwa kwenye magari yenye ubaridi, yakapita Namanga hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na kutoka hapo huruka. Mboga za namna hii hazitegemei ndege za mizigo peke yake. Nyingine hukaa tumboni mwa ndege za abiria, chini ya miguu ya watalii na wafanyabiashara. Abiria walipokoma, nafasi ya mizigo yao ikakoma pamoja nao, na ile iliyobaki ikapanda bei.

Asiyewahi kulima maharage machanga anaweza kudhani kwamba mkulima angevumilia tu hadi njia ifunguke. Zao hili halimvumilii mtu. Likianza kuzaa huchumwa kila siku au kila baada ya siku moja, asubuhi kabla jua halijakali, na ganda linalotakiwa ni jembamba, limenyooka, ukilivunja linatoa mlio na halina uzi. Ukiliacha siku mbili tatu, punje huvimba ndani, ganda hufanya nundu, na pale kwenye kituo cha kukusanyia mboga msichana anayechambua hulitupa kwenye kreti la masalia bila hata kukutazama usoni. Kwa hiyo simu zilipoanza kuingia kwamba gari halitakuja hadi tutakapoarifiwa, baadhi ya wanachama waliendelea kuchuma, kwa kuwa mmea usipochumwa huacha kutoa maua, na vibarua wakalipwa kutoka mfukoni. Maharage yaliyochumwa yakaliwa na ng'ombe. Wengine waling'oa shamba zima. Zamu ya maji ya mfereji ilibaki palepale na michango yake haikupungua.

Mama mmoja mjane wa kikundi chetu, aliyekuwa amekodi nusu ekari huku tambarare, chini ya barabara kuu ya Moshi, aliniuliza: "Katibu, hii hasara tunaiandika wapi?" Nikamjibu kwamba tutaiandika kwenye daftari letu la kituo. Basi tukaandika tarehe, kilo alizochuma, na kwenye safu ya kilo zilizochukuliwa tukaweka sifuri, mstari baada ya mstari. Hadi leo daftari hilo ndilo ushahidi pekee wa kilichompata. Hakuna ofisi iliyowahi kuliomba, nasi hatukuwa na mahali pa kulipeleka.

Waliokuwa wakiuzia hoteli za mjini na kambi za watalii letusi, brokoli na stroberi walipata pigo la aina hiyohiyo, ila lao lilidumu zaidi, kwani ndege za kimataifa zilizuiwa mwezi Aprili na hata ziliporuhusiwa tena mwezi Mei watalii hawakurudi siku hiyo.

Haki isemwe pia. Tanzania haikuwafungia watu ndani. Soko la Kilombero hapa Arusha mjini halikufungwa, Tengeru iliendelea na siku zake za Jumatano na Jumamosi, Kwa Sadala kule Hai watu walikwenda kama kawaida. Yapo mengi ya kubishania kuhusu namna nchi ilivyolishughulikia gonjwa lile, na takwimu za wagonjwa zilizokoma kutolewa mwishoni mwa Aprili ni mojawapo, lakini mkulima wa nyanya, sukumawiki na ndizi alinusurika kwa sababu soko lake lilikuwa wazi. Kwa mkulima huyo uamuzi ule ulizidi thamani ya hundi yoyote. Aliyeumia ni yule aliyelima kitu ambacho Kilombero hakina walaji wa kutosha, yaani yule tuliyekuwa tukimsifia kwenye semina zote kwamba ameingia kilimo cha biashara.

Mwezi Mei ukaja na lake. Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania tarehe 16, ikaruhusu mizigo tu na kwa sharti la madereva kupimwa. Upande wetu nako kukawa na majibu, na foleni za malori zikajaa Namanga na Holili. Kitunguu huvumilia foleni. Nyanya haivumilii.

Serikali yetu haikukaa kimya kabisa. Tarehe 12 Mei 2020 Benki Kuu ilitangaza hatua za kulegeza masharti: kiwango cha amana ambacho benki za biashara hulazimika kuweka Benki Kuu kilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 6, riba ya kukopesha benki hizo ikashuka kutoka asilimia 7 hadi 5, benki zikatakiwa kuangalia upya mikopo ya wateja walioathirika, na ukomo wa miamala ya simu kwa siku ukapandishwa kutoka Sh milioni 3 hadi milioni 5. Hatua hizo zilikuwa na maana kwa mwenye mkopo benki. Katika kikundi chetu wenye mkopo benki walikuwa wachache sana. Deni la mkulima wa mboga liko kwa mwenye duka la pembejeo, ambaye hutoa mbegu na dawa kwa makubaliano ya mdomo hadi mavuno, na mwenye duka huyo naye anadaiwa na msambazaji wa mjini. Waraka wa Benki Kuu haukuufikia mnyororo huo. Tulichoona ni wauza pembejeo wawili wa karibu nasi wakisamehe muda, hawakusamehe deni, na msimu uliofuata wakikataa kukopesha.

Sasa turudi Marekani, kwa sababu kule kuna mambo ya kujifunza ambayo si ya kusifia tu. Kasi ile ya malipo haikuzaliwa mwaka 2020. Ofisi za kilimo za kaunti, ambazo zimezidi 2,000, ni matunda ya mfumo ulioanza kujengwa mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ilipoanza kuwalipa wakulima ili wapunguze eneo la mazao yaliyokuwa yamefurika sokoni. Tangu hapo shamba linaloshiriki mipango ya serikali lina namba yake, lina ramani yake, na mwenye kulilima huripoti kila mwaka amepanda nini na ekari ngapi. Korona ilipobisha hodi, daftari lilikuwa na karibu miaka 90. (Mwaka huohuo wa 1933, hapa jirani Moshi, ndipo KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ulipoanzishwa, na mkulima wa kahawa mpaka leo ana namba ya uanachama na risiti ya kilo alizopeleka chamani. Ingekuwa ni kahawa iliyokwama, nadhani tungejua pa kuanzia. Mboga hazina KNCU yao.)

Pamoja na daftari hilo refu, kipimo cha awamu ya kwanza kiliwaacha nje wengi wa wale ambao sheria ilikuwa imewataja. Sheria ya dharura ya tarehe 27 Machi 2020 ilitenga dola bilioni 9.5 kwa wakulima na ikasema wazi kwamba wahusika ni pamoja na wazalishaji wa vyakula vya maeneo yao, wanaouza kwenye masoko ya wakulima, mikahawa na shule. Lakini wataalamu wa wizara walipotengeneza kanuni waliangalia bei ya kila zao kitaifa, wakauliza kama ilishuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe maelfu kanuni hiyo ilikuwa rahisi: hesabu vichwa, weka sahihi. Mkulima mwenye ekari chache na aina ishirini za mboga, anayeuza kwa mpishi wa mkahawa na kwenye gulio la Jumamosi, alijikuta akijaza safu kwa kila aina ya mboga ili kuthibitisha kuporomoka kwa bei ambayo, kwa kweli, haikuwa imeporomoka. Karoti yake ilikuwa na bei ileile. Aliyetoweka ni mnunuzi. Ukomo wa malipo ulikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, na kampuni yenye wamiliki kadhaa wanaofanya kazi shambani iliweza kufika dola 750,000, kwa hiyo unaweza kukisia fungu lilielemea upande gani.

Mwezi Septemba mwaka huohuo ikatangazwa awamu ya pili, hadi dola bilioni 14, na hapo kipimo kikabadilika kwa mazao ya bustani. Kwa mboga, matunda na maua mkulima aliulizwa jambo moja tu: mwaka 2019 uliuza kwa kiasi gani? Akalipwa asilimia 10.6 ya sehemu ya kwanza ya mauzo hayo, isiyofika dola 50,000, na asilimia ikaendelea kupungua ngazi kwa ngazi hadi 8.8 kwa mauzo yaliyovuka dola milioni moja. Mwenye karoti, biringanya na maua shambani hakuhitaji tena kuchambua bei ya kila kimoja. Nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi na ninaona ndiyo hatua ya busara kuliko zote katika mpango ule, na ina faida kidogo kwa mdogo bila kumtaka athibitishe kwamba ni mdogo. Hata hivyo ilimtaka awe na kumbukumbu ya mauzo ya mwaka uliotangulia.

Hapo ndipo ninapomfikiria yule mama wa nusu ekari. Yeye anauza kwa nani, na karatasi ya mauzo iko wapi? Kwa mazao ya mkataba kuna hati za kupokelea mzigo, na hizo tunazo. Kwa nyanya na vitunguu vinavyobebwa alfajiri kwa pikipiki au Noah kwenda Kilombero hakuna kitu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa kabisa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana vizuizi vya barabarani vilikuwa vimetuchosha. Lakini msamaha ule uliondoa pia stakabadhi ya mwisho ambayo mkulima mdogo angeweza kuionyesha kama ushahidi kwamba tarehe fulani alipitisha kreti fulani za nyanya. Sisemi ushuru urudi. Nasema kwamba hatukuweka chochote mahali pake.

Nchi nyingine zilijibu swali la kipimo kwa njia zao. Uholanzi ilitenga euro milioni 600 kwa ajili ya wakulima wa maua, mimea ya mapambo na sehemu ya mboga, na milioni 50 kwa ajili ya viazi vya chipsi, ikimwangalia aliyepoteza zaidi ya asilimia 30 ya mauzo yake ya kawaida. Jambo hili linatuhusu kwa karibu, kwa sababu waridi la Arusha na waridi la Uholanzi huuzwa kwenye mnada uleule wa Aalsmeer, na mwezi Machi 2020 maua yaliteketezwa pale kwa mamilioni bila kuulizwa yametoka bara gani. Mwenye shamba wa Uholanzi alikuwa na serikali ya kumfidia. Nina majirani waliokuwa wakikata na kufunga maua katika mashamba ya huku. Wao waliambiwa wapumzike nyumbani hadi watakapoitwa.

Kenya, tarehe 23 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuchochea uchumi wa shilingi za Kenya bilioni 53.7, na ndani yake bilioni 3 za pembejeo kwa vocha za kielektroniki kwa wakulima wadogo 200,000, pamoja na bilioni 1.5 za kuwasaidia wazalishaji wa maua na mboga kulifikia soko la nje. India haikubuni orodha mpya: tangu mwaka 2019 ilikuwa na mpango wa kuwalipa wakulima rupia 6,000 kwa mwaka katika mafungu matatu, kwa hiyo mwaka 2020 fungu moja la rupia 2,000 liliwahishwa kwa wakulima zaidi ya milioni 80. Ilikuwa ni haraka ya kupendeza. Ila mpango wenyewe umejengwa juu ya familia zenye ardhi iliyoandikwa kwa majina yao, na anayelima shamba la kukodi hayumo.

Kwa Tanzania si kwamba hatujawahi kujaribu. Mwaka 2008 ulianza mpango mkubwa wa vocha za pembejeo, ambapo kamati ya kijiji iliteua kaya na kila kaya ikapata mbegu na mbolea za ekari moja ya mahindi au mpunga kwa karibu nusu ya bei. Wengi walinufaika kweli. Wengine walitia dole gumba kwenye vocha ambayo mbolea yake hawakuiona, na neno "wakulima hewa" likaingia kwenye mazungumzo ya kila siku. Mwaka 2009, msukosuko wa fedha wa dunia ulipoziangusha bei za pamba na kahawa, Rais Kikwete alitangaza Dodoma mpango wa Sh trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, na sehemu yake ikaenda kufidia hasara za vyama vya ushirika na makampuni yaliyokuwa yamenunua mazao kwa bei kubwa. Ilikuwa na mantiki yake, kwa sababu mnunuzi akifilisika mkulima hana wa kumuuzia. Lakini tazama nani alikuwa na vitabu vya hesabu: mnunuzi. Fidia ilimfuata mwenye vitabu.

Kisha fedha za korona zenyewe zilikuja, ila kwa kuchelewa na kwa kazi nyingine. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kwa Tanzania dola milioni 567.25, na Oktoba Rais Samia alizindua mpango wa Sh trilioni 1.3 wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Yakajengwa madarasa 15,000, vikanunuliwa vifaa vya hospitali, vikachimbwa visima vya maji, kaya maskini zikaongezewa ruzuku kupitia TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya hizo. Watoto wetu wanasoma kwenye madarasa hayo, na sitayabeza. Nadhani pia kuna sababu ya kawaida kabisa iliyofanya darasa lipendeze: linahesabika. Mkaguzi hufika, huhesabu madirisha, hupiga picha. Maharage yaliyoliwa na ng'ombe mwaka mmoja na nusu kabla yake hayahesabiki.

Kitu cha kwanza kinachofanana na daftari la kitaifa la mkulima nilikiona mwaka 2022, na hakikuletwa na korona bali na bei ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa umevuka Sh 130,000. Serikali ikatenga Sh bilioni 150 za ruzuku, Rais akazindua mpango Mbeya kwenye Nanenane, na mfuko ukashuka hadi Sh 70,000 kwa aliyejiandikisha. Watendaji wa vijiji na maofisa ugani wakapita wakiandika majina, namba za simu, ekari na mazao. Mkulima alipata namba yake, akaenda nayo kwa wakala. Kulikuwa na foleni ndefu, mtandao kukatika, na wakala mmoja kuhudumia kata kadhaa, lakini kwa mara ya kwanza mtu wa nusu ekari alikuwa ndani ya mfumo ambao mtu wa Dodoma anaweza kuufungua na kuusoma.

Uandikishaji ule ulinifundisha pia tabia moja ya ekari zetu: hukua na kusinyaa kulingana na anayeuliza. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye kwa miaka yote alisema ana ekari moja na robo, siku ya mbolea alikuwa na tatu. Nilipomtania akasema, "Katibu, wakati ule walikuwa wakiuliza watu wa ushuru." Nilicheka, kisha nikakosa jibu. Daftari linalotumika kutoza na kulipa kwa wakati mmoja litadanganywa pande zote mbili, na Wamarekani walilitatua hilo kwa kuwa na ofisi ya kilimo iliyo mbali na ofisi ya kodi, pamoja na miaka mingi ya mkulima kuona kwamba akiripoti ukweli hapati hasara.

Lakini shida kubwa zaidi niliiona kwa waliokodi. Katika kijiji kimoja nilisimama kwenye foleni nyuma ya mama wa makamo, na mazungumzo yake na mtendaji yalikwenda hivi.

"Mama, shamba ni la nani?"

"Ni la mzee wa kule juu, nimelikodi msimu huu."

"Ana jina kwenye orodha?"

"Sijui, baba."

Mtendaji akapekua karatasi. "Yumo. Ameshaandikisha ekari zote."

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Ekari moja haiwezi kuandikwa mara mbili, na hilo ndilo alilotumwa kulilinda. Ila mbolea ya bei nafuu ilikwenda kwa mzee ambaye msimu huo hakupanda, na mama aliyepanda akainunua kwake, kwa bei ya katikati waliyokubaliana. Huku Meru, kama ilivyo kwa jirani zetu Wachaga, kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni cha ukoo na kina jina la mwanamume. Mashamba ya tambarare ndiyo hukodishwa, na wanaokodi kwa ajili ya mboga ni wanawake na vijana kwa wingi. Fidia ya hasara ya msimu, kama ingelipwa kwa orodha hiyo, ingemfuata mwenye udongo. Hasara ilikuwa ya mwenye mbegu.

Ndiyo maana naona orodha inayofaa kwa siku ya dharura iandikwe kwa msimu na kwa anayelima, huku mwenye ardhi akitajwa kwenye safu yake. Mwenyekiti wa kitongoji anajua vizuri nani amekodi kwa nani. Mara nyingi ndiye shahidi wa makubaliano hayo. Vikundi na vyama vya ushirika vinavyopima mzigo vipewe utaratibu wa kupeleka jumla za kila msimu kwa ofisa ugani wa kata, ili mauzo ya mwaka jana yawe na mahali pa kusomwa hata kwa asiyewahi kukata risiti. Na siku fedha zitakapokuwepo, zilipwe kwa mafungu mawili kama ile asilimia 80 na 20: fungu la kwanza liwahi wakati mkulima bado anaweza kununua mbegu, fungu la pili lisubiri uhakiki. Nafahamu kwamba malipo ya haraka yatakuwa na wizi ndani yake. Malipo yaliyochelewa msimu mzima nayo yana hasara, ila haiandikwi kwenye ripoti ya mkaguzi.

Kikundi chetu kimeanza sehemu yake. Daftari la kituo sasa lina safu ya mwenye shamba na safu ya anayelima, na bibi shamba wa kata amekubali kulipitia kila mwisho wa msimu na kugonga muhuri. Kilichotushinda hadi sasa ni safu ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulifikia ukomo tarehe 20 Januari 2020, wakati wanawake wengi wa kikundi walikuwa bado hawajapata namba za NIDA, na laini wanazotumia zikasajiliwa kwa vidole vya waume zao, kaka zao au watoto wao wakubwa. Fedha ikitumwa kwenye namba hizo, jina linalotokea ni la mwingine. Tumekubaliana kwamba kila mwanachama aandike namba na jina linalotokea fedha zinapotumwa, na kwamba wenye majina yasiyo yao waende kusajili laini mpya kabla ya msimu wa vuli. Baadhi wamekwenda. Wengine wameniambia kwamba hilo ni jambo la kuzungumzwa kwanza nyumbani, na hapo katibu hana safu ya kuandika.